Kirusi cha mafua kilichorwa tangu 1985, mbona dawa yake hakuna?

Mama anaingia duka la dawa amembeba mtoto wa miaka miwili. Pua imeziba, makamasi yanachuruzika, usiku mtoto hakulala na mama naye hakulala. Anaomba amoksilini ya maji. Muuzaji anauliza mtoto ana tatizo gani, naye anajibu kuwa ni mafua tu, ila makamasi yameanza kuwa ya kijani. Chupa inatolewa kabatini, pesa inahesabiwa, safari ya kurudi nyumbani inaanza.

Hali hii ni ya kila siku mijini na vijijini, na mara nyingi mtoto hupona ndani ya wiki moja au siku 10. Mama anahitimisha kuwa amoksilini ndiyo iliyomponya. Mwezi unaofuata mafua yanarudi, naye anarudi dukani.

Mtoto yule angepona hata kama chupa ingebaki kabatini. Amoksilini haina mahali pa kukishika kirusi cha mafua, na hilo si jambo la kukisia. Kirusi hicho kinajulikana umbo lake kwa undani ambao vimelea vichache vinajulikana. Wanasayansi walikichora, atomu kwa atomu, mwaka 1985.

Ndipo linapokuja swali ambalo wazazi wana haki ya kuuliza: kama wanakijua kiasi hicho, miaka 40 baadaye dawa iko wapi? Chanjo je? Jibu limo ndani ya mchoro wenyewe, na mzazi akilielewa atajua pia nini cha kununua na nini cha kuacha.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vya makundi mengi, lakini kinachoongoza ni rainovirusi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pua. Hiki ni tofauti na kirusi cha influenza, ambacho huleta homa kali na maumivu ya mwili mzima. Katika makala haya, nikisema kirusi cha mafua namaanisha rainovirusi.

Mashamba ya chumvi na fuwele za kirusi

Kirusi cha mafua kina upana wa takriban nanomita 30. Ukivipanga kwenye mstari mmoja, utahitaji zaidi ya 30,000 ili kufikia urefu wa milimita moja. Darubini ya maabara ya hospitali haiwezi kukiona.

Njia iliyotumika kukichora ni ya kuzunguka. Aliyewahi kupita kwenye mashamba ya chumvi ya mwambao wetu ameona jinsi maji ya bahari yanavyokauka taratibu na chembe za chumvi zikajipanga zenyewe kuwa fuwele zenye kingo zilizonyooka. Virusi navyo, vikisafishwa sana na kimiminika chake kikipunguzwa polepole, vinaweza kujipanga hivyo. Fuwele moja ndogo isiyofika milimita moja hubeba mabilioni ya virusi, vyote vimegeukia upande mmoja kama wanafunzi mstarini.

Fuwele hiyo ikipigwa mionzi ya eksirei, mionzi hutawanyika na kuacha maelfu ya vidoa kwenye filamu. Kwa mahesabu mazito, vidoa vile hurudishwa kuwa picha ya kitu kilichovitoa.

Aliyeongoza kazi hiyo kwa kirusi cha mafua ni Michael Rossmann wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana nchini Marekani. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1930, akaondoka Ujerumani ya Hitler na mama yake mwaka 1939 kwenda Uingereza, na baadaye akafanya kazi Cambridge na Max Perutz, mtu aliyefichua umbo la protini ya damu inayobeba oksijeni. Alihamia Purdue mwaka 1964 na akafia akiwa bado mtafiti wa chuo hicho, mwaka 2019.

Kabla ya mafua alianzia shambani. Mwaka 1980 kundi lake lilichora kirusi kinachoshambulia majani ya maharage. Watu wengi waliona kuwa kuruka kutoka kwenye maharage hadi kirusi cha binadamu ni mbali mno.

Virusi vyenyewe, aina namba 14, vilikuzwa na Roland Rueckert wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Tatizo lilikuwa kwamba fuwele za kirusi hiki huharibika upesi zikipigwa mionzi. Ilibidi wasafiri hadi Chuo Kikuu cha Cornell, New York, kwenye mtambo unaotoa eksirei kali kuliko za maabara, wazipige haraka bila hata kuziweka sawa, kisha wakokotoe baadaye fuwele ilikuwa imelala upande gani. Kompyuta kubwa ya Purdue ikafanya hesabu zilizobaki.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, Septemba 1985. Hakuna kirusi kingine cha kuugua binadamu au mnyama kilichokuwa kimechorwa hivyo kabla ya hapo. Mshangao mmoja ulikuwa huu: protini za ganda lake zimekunjwa kwa mtindo uleule wa kirusi cha maharage. Kamasi la mtoto na ugonjwa wa jani la shambani vina mafundi waliosomea karakana moja.

Mpira wenye korongo

Chukua mpira wa miguu wa zamani, ule wenye vipande vyeusi na vyeupe. Vipande vyeusi ni 12, kila kimoja kina pembe tano. Kirusi cha mafua kimeshonwa kwa hesabu hiyohiyo. Ganda lake ni protini za aina nne, kila moja ikirudiwa mara 60, na ndani yake kuna uzi mmoja tu wa RNA wenye maelekezo ya kutengeneza virusi vingine. Maelekezo hayo yana herufi kama 7,200, pungufu ya herufi zilizomo katika makala haya unayoyasoma.

Basi, hakuna kingine. Hakina ukuta kama wa bakteria, hakina tumbo, hakina kiwanda chake. Kinaingia ndani ya seli ya pua na kutumia kiwanda cha seli hiyo.

Hapa ndipo amoksilini inapokwama. Kazi ya amoksilini ni kuwazuia bakteria wasijenge ukuta wao, ili wapasuke na kufa. Ukiimwaga juu ya kirusi cha mafua haina ukuta wa kubomoa. Kuongeza dozi hakusaidii, wala kubadili kwenda antibiotiki ya bei kubwa, ya sindano au ya kutoka nje.

Kitu kilichowavutia zaidi watafiti wa Purdue kilikuwa juu ya ganda. Kuzunguka kila kimoja cha vile "vipande vyeusi" 12 kuna bonde refu lenye kuta zilizosimama. Wao waliliita korongo, nasi tuna Korongo la Olduvai la kutusaidia kuliona akilini, ingawa hili lina kina cha takriban nanomita mbili na nusu.

Rossmann alitoa wazo. Kirusi lazima kiwe na mahali pa kujishikiza kwenye seli ya pua, na mahali hapo hapawezi kubadilika ovyo, la sivyo kitapoteza ufunguo wa mlango. Lakini mahali pasipobadilika ndipo askari wa mwili, yaani kingamwili, wangepakariri na kupashambulia kila mara. Kwa hiyo kirusi kimepaficha chini ya korongo. Kingamwili ni pana, kama ngumi isiyoingia kwenye shingo ya chupa. Kishikio cha seli ya pua ni chembamba kama mrija, kinapita.

Mwaka 1989 makundi mawili ya watafiti yalikitambua kishikio ambacho aina nyingi za kirusi cha mafua hukitumia, protini iitwayo ICAM-1. Mwaka 1993 picha za darubini ya elektroni zilionyesha kuwa kweli inaingia korongoni. Wazo la Rossmann lilikuwa limeona mbali, ingawa si kwa ukamilifu: mwaka 1996 ilionekana kuwa kingamwili mojawapo inaweza kujipenyeza ndani ya korongo zaidi ya ilivyodhaniwa.

Kwa mzazi, la msingi ni kilichoko kwenye kingo za korongo. Huko ndiko kingamwili hushika, na huko ndiko kirusi hubadilika kila kukicha bila kupoteza chochote. Leo aina zinazojulikana ni zaidi ya 160. Mtoto akiugua aina moja, mwili wake hujifunza kingo za aina hiyo. Wiki tatu baadaye anakutana na aina nyingine yenye kingo tofauti, na mwili unaanza upya.

Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wanafunzi wa shule moja ya kijijini na kukuta makumi ya aina za kirusi hiki zikipokezana ndani ya shule hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto wa chekechea kupata mafua mara sita au nane kwa mwaka ni kawaida. Haina maana kuwa kinga yake ni dhaifu, wala kwamba mama hamfuniki vizuri.

Binamu yake aliyefungwa kamba

Septemba hiyohiyo ya 1985, kundi la James Hogle wa taasisi ya Scripps, California, lilichapisha umbo la kirusi cha polio. Ukiviweka pamoja, ni ndugu: ganda lilelile la mpira, korongo lilelile, RNA ya urefu unaokaribiana.

Polio hupooza watoto. Mafua huchuruzisha makamasi. Hata hivyo, polio ndiyo tuliyoikaribia kuimaliza duniani, na mafua ndiyo yaliyotushinda. Tofauti kubwa ni idadi. Polio ina aina tatu tu, na chanjo moja inaweza kuzibeba zote. Aina ya pili ya polio ya asili ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2015, ya tatu mwaka 2019.

Tofauti nyingine iko kwenye tindikali ya tumbo. Kirusi cha polio huivumilia, ndiyo maana husafiri kwa njia ya kinyesi na maji machafu. Cha mafua huharibika humo, kwa hiyo maisha yake yote yako puani na kooni.

Mzazi anayesitasita kumpeleka mtoto kwenye matone au sindano ya polio kwa kuwa "mbona mafua hayana chanjo na watoto wanaishi" anapaswa kuujua ukoo huu. Ni bahati tu kwamba ndugu mwenye aina nyingi ndiye mpole.

Dawa iliyofika mlangoni

Chini ya sakafu ya korongo kuna kitu kingine kilichoonekana kwenye mchoro: mfuko mdogo, mwembamba, kama mfuko wa ndani wa koti. Mwaka 1986 watafiti wa Purdue walionyesha kuwa dawa fulani za majaribio hujichomeka humo. Zikishaingia, ganda linakakamaa, kirusi kinashindwa kufunguka na kuitoa RNA yake ndani ya seli.

Hii ilikuwa habari kubwa. Watengeneza dawa sasa waliweza kuliona tundu la kufuli wanalolichongea ufunguo.

Dawa iliyofika mbali zaidi iliitwa plekonarili. Ilijaribiwa kwa watu wazima zaidi ya 2,000 wenye mafua, na waliowahi kuimeza mapema baada ya dalili kuanza walipona karibu siku moja kabla ya wenzao. Mwaka 2002 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ilikaa kuijadili, na ikakataa.

Sababu kuu ilikuwa usalama. Dawa hiyo iliamsha kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, na hofu ikawa kwamba mwanamke angemeza dawa ya mafua akapata ujauzito asioupanga. Pia kulikuwa na virusi vilivyoanza kuwa sugu kwake.

Binafsi naona kamati ilitenda haki. Ugonjwa unaopona wenyewe kwa wiki moja hauna nafasi ya dawa yenye madhara. Dawa ya saratani inasamehewa mengi. Dawa ya mafua, ambayo mamilioni ya watu wenye afya wangeimeza kila msimu, hata mjamzito asiyejijua, haisamehewi hata kidogo. Hilo, zaidi ya uvivu wa wanasayansi au njama za kampuni zinazosimuliwa vijiweni, ndilo limeifanya rafu ya dawa ya mafua ibaki tupu.

Kwa wazazi wa watoto wenye pumu

Kuna tawi moja la kirusi hiki ambalo upole wake una mipaka. Kwa miaka mingi lilijificha kwa sababu lilikataa kuota kwenye seli za kawaida za maabara. Liligunduliwa katikati ya miaka ya 2000, baada ya vipimo vya vinasaba kuenea, likaitwa kundi C.

Kundi C huonekana mara nyingi kwa watoto wanaoletwa hospitali wakikoroma kifuani na kubanwa na pumu. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark waligundua kuwa baadhi ya watoto wanaolazwa mara kwa mara kwa pumu wana badiliko dogo katika kinasaba kiitwacho CDHR3. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba protini ya kinasaba hicho ndiyo mlango wa kundi C, na badiliko lile huifanya ijae kwa wingi juu ya seli. Watoto hao, kwa maneno mengine, wamezaliwa na milango mingi zaidi.

Mwaka 2016 kundi la Rossmann, yeye akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, lilichora umbo la kundi C. Safari hii hawakuhitaji fuwele. Walitumia darubini ya elektroni na sampuli zilizogandishwa. Waliona vidole vimechomoza juu ya ganda, na ule mfuko wa chini ya sakafu ukiwa umezibwa na sehemu za protini yenyewe. Fumbo likafumbuliwa: plekonarili haikuwa ikifanya kazi kwa kundi C kwa kuwa haikuwa na mfuko wa kuingia.

Kwa sasa, kwa mzazi mwenye mtoto wa pumu, maarifa haya yanatafsirika hivi. Mafua ndiyo kichochezi kikubwa cha mashambulizi ya pumu kwa watoto, kuliko vumbi na kuliko baridi. Mtoto aliyeandikiwa dawa ya kuvuta ya kila siku asiiache anapokuwa mzima, na wala asiiache anapopata mafua kwa hofu kwamba "dawa zitachanganyika". Inhela ya dharura iwe na dawa ndani kabla mafua hayajaanza, na mwalimu ajue iko mfuko gani wa begi. Moshi wa sigara na wa jiko la mkaa ndani ya chumba humzidishia.

Na chanjo?

Aina zaidi ya 160 zinatisha, lakini hazijakatisha tamaa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walichanganya aina 50 za kirusi kilichouawa ndani ya chanjo moja na kuwachoma nyani wa maabara. Nyani hao walitoa kingamwili dhidi ya aina 49. Ni hatua, ila kutoka kwa nyani wachache hadi kliniki ya watoto ni mbali, na hadi leo hakuna chanjo ya mafua ya kawaida inayotolewa popote. Anayekuuzia "sindano ya kukinga mafua" kwa mtoto, muulize ni ya influenza au ni ya nini. Chanjo ya influenza ipo na ina kazi yake, lakini haizuii rainovirusi.

Nyumbani ufanye nini

Mtoto mwenye mafua anahitaji maji, maziwa ya mama au uji, na pua iliyo wazi ili aweze kunyonya na kulala. Matone ya maji safi ya chumvi yanayouzwa dukani kwa ajili ya pua yanasaidia sana kwa wachanga. Tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonyesha. Akiwa na homa inayomsumbua, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Aspirini asipewe mtoto.

Kikohozi cha usiku kwa aliyezidi mwaka mmoja hutulizwa na kijiko kidogo cha asali. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, hata ile "asali mbichi ya nyuki wadogo" inayosifiwa na bibi, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya kichanga.

Dawa za maji za mchanganyiko, zile za kukausha makamasi na kukata kikohozi, hazifai kwa walio chini ya miaka miwili. Hazifupishi mafua, na zimewahi kuwadhuru watoto.

Kuhusu nyungu, nitasema bila kuzunguka: usimfukize mtoto. Nafuu ya mvuke ni ndogo, na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka pamoja na mtoto anayefurukuta ni njia ya kwenda wodi ya majeraha ya moto.

Makamasi ya kijani hayamaanishi kwamba bakteria wameingia. Rangi ile hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana, na huonekana siku ya tatu au ya nne ya mafua yoyote yale.

Baridi nayo imesingiziwa sana. Katika kituo cha utafiti wa mafua cha Salisbury, Uingereza, kilichofanya kazi tangu 1946 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, watu waliojitolea walioga kisha wakaachwa kwenye ujia wenye upepo wakiwa wamelowa. Hawakuugua kuliko wenzao. Kutembea peku sakafuni hakuzalishi kirusi. Hata hivyo kirusi hiki huzaana vizuri kwenye nyuzijoto 33 kuliko 37, ndiyo maana kinapenda pua, na msimu wa baridi tunapofunga madirisha na kubanana chumba kimoja hupata abiria wengi.

Mikono ndiyo gari lake. Kirusi cha mafua hakina koti la mafuta kama cha korona, kwa hiyo sabuni haikiyeyushi. Kinachokiondoa ni kusugua na maji yanayotiririka. Beseni moja la kunawia familia nzima halifai. Kitambaa kimoja cha kumfutia kamasi kila mtoto kwa zamu hakifai zaidi.

Na ile amoksilini? Ina heshima yake, na heshima hiyo ni nimonia. Ndiyo dawa ambayo Shirika la Afya Duniani linaelekeza itumike kwanza kwa mtoto mwenye nimonia ya kutibiwa nyumbani. Kila chupa inayonyweshwa kwa mafua, hasa ile ya nusu dozi inayobakizwa "kwa ajili ya siku nyingine", inawazoesha bakteria wa kooni kwa mtoto huyo dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli. Wakati huohuo inaweza kumharisha na kumtoa vipele.

Kazi ya mzazi ni kuijua siku hiyo. Mafua hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au tatu bila hatari. Aliyeanza kupata nafuu kisha homa ikarudi juu aonwe na mhudumu wa afya. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe siku hiyohiyo, hata kama anaonekana anacheza.

Kwa wengine, mfunue mtoto kifua akiwa ametulia au amelala, shika simu yenye saa, na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, ni pumzi za haraka. Nenda kituo cha afya. Kama mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki vizuri, usihesabu tena. Ondoka naye, hata kama ni saa nane za usiku.